Vichuguu vya Tseikuru

Kwetu Tseikuru, kaskazini mwa Kitui, mtu hakubomoa kichuguu bomani bila sababu. Udongo wake ndio tuliokandikia nyumba, na mvua za Novemba zilipoanguka kilitutolea kumbikumbi wa kukaanga. Thome yetu, pale wanaume na wavulana walipoota moto jioni wakingoja chakula, ilikuwa chini ya kichuguu kilichopita paa la nyumba kwa urefu. Mimi na kaka yangu tuliegemeza migongo pale kwa sababu udongo ulikuwa bado na joto la mchana. Hiyo ilikuwa miaka ya 1980. Hakuna aliyetuambia kwamba ndani ya matundu ya kichuguu kile alilala usubi, akingoja giza atoke.

Usubi ni mdogo kuliko mbu, ana rangi ya vumbi, wala hapigi kelele sikioni. Jike akimnyonya damu mtu mwenye vijidudu vya leishmania, siku chache baadaye huweza kumwambukiza mwingine. Ndiyo kala-azar. Vijidudu hujificha kwenye wengu, ini na uboho wa mifupa, na mgonjwa asiyetibiwa karibu kila mara hufa.

Kaka yangu alianza na homa, na kila homa kwetu iliitwa malaria. Zahanati ilimpa klorokwini, akapata nafuu kidogo, homa ikarudi. Akapewa tena. Miezi ikapita hivyo. Alikonda mikono na miguu huku tumbo likimjaa, na ukimgusa ubavu wa kushoto ulihisi kitu kigumu kama jiwe la kusagia. Alipoanza kutoka damu puani, baba alimpeleka kwa mganga, akachanjwa chale tumboni na kupakwa dawa. Wazazi wangu hawakuwa wajinga. Walifanya kila walichoweza kukifikia kwa miguu, na hospitali haikuwa mahali pa kufikika kwa miguu.

Aliyeutambua ugonjwa ni susu, mama mzaa baba. Alimlaza mjukuu wake kwenye ngozi, akampapasa tumbo, kisha akamwambia baba, "Tumbo hili nalijua. Mwaka ule wa hali ya hatari lilimaliza vijana. Uza mbuzi, umpeleke mtoto kwa wenye sindano."

Mwaka aliousema ni 1952, kala-azar ilipozuka Kitui na kuua watu wengi. Wapo waliodhani ililetwa na askari wa King's African Rifles waliorudi kutoka kaskazini baada ya vita, kwa kuwa baadhi yao waliugua karibu na Ziwa Turkana mwaka 1940 na 1941. Wataalamu waliokuja baadaye walitaka kujua vijidudu vinaishi wapi wakati watu hawaugui. R. B. Heisch alitafuta katika wanyama wa porini, na miaka hiyo ya 1950 akavipata vijidudu vya jamii hiyo ndani ya kindi wa ardhini na panya wa nyikani hapa Kenya. Mwaka 1962 yeye na wenzake, Wijers na Minter, walichapisha habari za kumsaka msambazaji, na usubi aliyeshukiwa zaidi, Phlebotomus martini, ni huyu wa vichuguuni. Siku hizi wengi wanaamini kwamba katika eneo letu ugonjwa hupita zaidi kutoka mtu hadi mtu, kwa hiyo mgonjwa mmoja asiyetibiwa anawatia hatarini wote wanaoota moto pamoja naye. Hayo ya usubi wa vichuguuni niliyasoma nikiwa mtu mzima, na yalinichoma, maana yalikuwa yameandikwa kabla sijazaliwa na hayakuwahi kufika thome yetu.

Shangazi yangu aliolewa Makueni, na huko hadithi ilikuwa ya mbung'o. Nchi ilikuwa pori, ng'ombe wakifa kwa ugonjwa wa nagana, maana wanyama wa porini hubeba vijidudu vyake bila kudhurika na mbung'o huvipeleka kwa mifugo. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliamua kufyeka pori hilo ili kuwahamishia watu waliobanana Machakos. Vifaru walionekana hatari kwa wafyekaji na kwa walowezi wapya, na kati ya Agosti 1944 na Oktoba 1946 mwindaji J. A. Hunter aliua 996. Baba mkwe wa shangazi alikuwa miongoni mwa waliofyeka, na alizoea kusema kwamba harufu ya mizoga haikumtoka. Sijaweza kuizoea hesabu ile. Kwa kifaru risasi hazikukosekana. Kwa usubi wa Kitui, miaka kama arobaini baadaye, hata neno la onyo halikufika.

Kaka alipona. Hospitalini walimchoma sindano kwenye wengu kutafuta vijidudu, kisha akadungwa dawa ya Pentostam kila siku kwa siku 30. Baba alilala chini ya kitanda chake muda wote huo, na mbuzi wakaisha. Waliporudi, baba alihamishia moto katikati ya uwanja, penye upepo, na sisi tukalalamika kwa baridi. Jirani mmoja alikibomoa kichuguu chake, lakini malkia alibaki ndani, na mchwa wakakijenga upya.

Siku hizi tiba ni sindano za dawa mbili kwa siku 17, na kipimo ni tone la damu ya kidoleni kwenye kijiti. Bado watoto wa kwetu hufika hospitali matumbo yakiwa yameshavimba, wengine wakiwa na chale mbichi. Nataka kipimo kile kiwe katika kila zahanati ya Tseikuru, Katse na Kyuso, na mama akisema homa imepita wiki mbili, mtoto apimwe siku hiyohiyo.