Hongo, Neno la Njiani

Kila nilipokwenda shule, wenzangu waliotoka Dar walinitania wakisikia kwetu ni Urambo. "Ah, kwa akina Mirambo! Kwa wakulima wa tumbaku!" Mimi nilikuwa nacheka tu. Lipo neno moja walilokuwa wakilitumia kila siku, kwa trafiki, kwa karani, kwa mkubwa wa mahali fulani, na hawakujua kwamba limepita uani kwetu kabla halijafika kwao. Neno hilo ni hongo.

Fungua kamusi, ndugu msomaji, utaambiwa hongo ni rushwa. Sawa. Lakini katika karne ya 19 hongo ilikuwa ushuru wa njia. Msafara ukitoka Bagamoyo kwenda Ujiji ulipita katika nchi za watemi wengi, na kila mtemi alikuwa na haki yake. Wapagazi wanatua mizigo, wazee wanakuja, zinaanza hesabu: pande za nguo, shanga, masango. Watu wanabishana siku mbili, hata tatu. Yakiisha, njia imefunguka. Na nguo iliyopendwa sana katika malipo hayo ni merikani, ile iliyofumwa Massachusetts na kuletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem. Yaani hata kitambaa cha kulipia njia yetu kilibeba jina la Marekani. Liweke akilini hilo.

Mirambo ndiye aliyeijua hongo kuliko wote. Mwaka 1871 aliifunga njia, Waarabu wa Unyanyembe wakaenda kumpiga, Stanley naye akajitia humo na bunduki zake, wakarudi Tabora mbio. Stanley akalazimika kuzunguka kusini ndipo amfikie Livingstone Ujiji. Babu yangu alikuwa anaisimulia habari hii kana kwamba alikuwepo. "Mjukuu wangu," alikuwa akisema, "Mirambo hakuomba. Alidai! Na alichodai kilihesabiwa juani, kila mtu anaona."

Sipendi sana kuzipamba enzi hizo. Misafara ile ilibeba pembe na ilibeba watu waliofungwa minyororo, na merikani ya mtemi iliishia kwa rugaruga wake zaidi kuliko kwa mama aliyekuwa akilima mtama. Lakini lile la juani limenikaa. Sijui ni lini hasa neno lilihama kutoka mkekani kwenda mfukoni. Ninachojua ni kwamba hongo ya leo haipendi watu wawe watatu.

Baba yangu amelima tumbaku maisha yake yote. Unakata kuni, unajenga bani, unakesha na moto, kisha robota lako linakwenda sokoni na mtu mmoja analitazama kwa dakika moja na kusema daraja lake. Basi. Mwaka mzima umekwisha. Siku moja nilikuwepo. Robota la jirani yetu lilipewa daraja la chini asubuhi. Mchana, baada ya mtu kwenda "kuongea vizuri" nyuma ya ghala, robota lile lile, wala halijafunguliwa, likapanda daraja. Baba hakuwa na cha kuongelea vizuri. Tulirudi nyumbani kimya, na mimi ada ya muhula ule nililipiwa na mjomba.

Nasimulia haya kwa sababu wapo wasomi wanaozungumza juu ya ufisadi wa wakubwa kana kwamba ni ugonjwa wa Dodoma peke yake, sisi huku tunasubiri tu dawa. Hapana bwana. Angalia uchaguzi. Mwaka 2000 Bunge letu lilibadilisha sheria ya uchaguzi, likaruhusu takrima. Jamani, Kiswahili nacho kina huruma! Takrima ni ukarimu, ni kumkaribisha mgeni. Kumbe sasa mgombea akipika pilau na kugawa khanga na fulana, anatukarimu. Mashirika matatu, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kikiwa mojawapo, yakaenda Mahakama Kuu, na Aprili 2006 mahakama ikasema vifungu vile ni kinyume cha Katiba: mwenye fedha na asiye na fedha hawawezi kuwa sawa namna hiyo. Wamarekani, ambao tulizoea kuambiwa ndio walimu wa mambo haya, mahakama yao ya juu kabisa iliamua Januari 2010 kwamba makampuni yanaweza kutumia fedha bila kikomo kumpigia debe mgombea, mradi wasipatane naye. Sisi tulifunga mlango, wao wakaufungua. Tatizo ni kwamba mlango wetu ulifungwa kwenye karatasi. Pilau niliyokula mimi kwenye kampeni baada ya hapo ilikuwa na nyama nyingi tu.

Sasa twende kwa mtu wetu. Samuel Sitta, mzaliwa wa Urambo, mbunge wetu, alichaguliwa Spika Desemba 2005. Alijiita Spika wa viwango na kasi, na sisi vijana tukalifanya neno la kijiweni: ukichelewa kurudisha chenji unaambiwa, "Vipi wewe, huna viwango wala kasi?"

Mwaka 2006 mvua hazikunyesha vya kutosha, mabwawa yakakauka, nchi ikaingia gizani. Serikali ikatafuta umeme wa dharura, megawati 100, na mkataba ukaangukia kwa kampuni iitwayo Richmond, ya Houston, Texas. Merikani tena! Safari hii haikuja hata nguo. Kampuni haikuwa na uwezo, muda ukapita, mkataba ukahamishiwa Dowans, na Tanesco ikabanwa kulipa shilingi milioni 152 kwa siku. Kwa siku, msomaji. Novemba 2007 Bunge likaunda kamati teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe.

Ripoti ilisomwa tarehe 6 Februari 2008. Urambo tuliisikiliza kwenye kibanda cha video, jenereta inanguruma nje, watu wamejaa hadi dirishani. Mwenye kibanda alikuwa ametangaza picha ya Kihindi. Wateja wakamwambia weka Bunge. Sijawahi kuona watu wakilipa kiingilio ili wamwone mtu akisoma ripoti. Kesho yake Waziri Mkuu Edward Lowassa akatangaza kujiuzulu, akilalamika kwamba kamati haikumpa nafasi ya kujieleza. Mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha nao wakaachia ngazi, Rais Kikwete akalivunja Baraza la Mawaziri. Pale kibandani hapakuwa na makofi kwanza. Watu walikaa kimya. Halafu mzee mmoja akasema, "Kumbe inawezekana." Ndipo kelele zikaanza.

Na angalia jinsi mkoa wetu ulivyojaa katika habari hii. Spika wa Urambo. Ndani ya kamati teule, Lucas Selelii wa Nzega. Na mbunge wa Igunga, Rostam Aziz, ambaye jina lake lilitajwa sana katika mjadala ule, yeye akakana kuhusika, na Julai 2011 akaacha ubunge akisema amechoshwa na siasa uchwara. Wanyamwezi tulikuwa mahakama, mashahidi na watazamaji kwa wakati mmoja.

Kwa miezi kadhaa ilikuwa fahari kusema natoka Urambo. Lakini nikikaa na magazeti ya zamani naona mambo ambayo kibandani hatukuyatazama. Agosti 2007, miezi sita tu kabla, Bunge hilo hilo lilimsimamisha Zitto Kabwe, kijana wa Kigoma, wa reli hii hii yetu, kwa kosa la kusema waziri Karamagi amelidanganya Bunge kuhusu mkataba wa mgodi wa Buzwagi. Aliyeuliza alitolewa nje, na kiti cha Spika kilikuwa cha mtu wetu. Aliyeulizwa akabaki ndani hadi Februari.

Tena ona bei ya kufungua mlango ndani ya chama chako mwenyewe. Agosti 2009 Sitta alishambuliwa vikali kwenye Halmashauri Kuu ya CCM pale Dodoma. Wapo waliotaka anyang'anywe kadi. Mwaka 2010, alipotaka kurudi kwenye kiti, chama kiligundua ghafla kwamba zamu ni ya wanawake, kikapeleka majina matatu, yote ya akina mama, na Anne Makinda akawa Spika. Sina neno na mama Makinda. Nashangaa tu jinsi haki ya wanawake ilivyokumbukwa siku ile ile walipotaka kumtoa mtu. Na mwezi ule ule wa Novemba baraza la usuluhishi la kimataifa likaamua Tanesco iilipe Dowans, kiasi cha shilingi bilioni 94. Waziri aliondoka, deni likabaki na mwenye mita.

Linaloniuma zaidi ni 2014. Bunge Maalum la Katiba likampa Sitta uenyekiti. Rasimu ya tume ya Jaji Warioba ilikuwa na mambo ambayo kijana wa kibandani angeyapigia makofi: mbunge asikae zaidi ya vipindi vitatu, na wananchi waweze kumwondoa mbunge wao kabla ya muda. Wajumbe walianza kwa kugombania posho, shilingi 300,000 kwa siku zikaonekana hazitoshi. Aprili UKAWA wakatoka nje. Mwenyekiti akaendelea na waliobaki, na tarehe 2 Oktoba Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa, serikali tatu hazimo, na kile kifungu cha kumwondoa mbunge hakimo. Ni mtu yule yule. Sauti ile ile, ucheshi ule ule. Nilijaribu kumtetea mbele ya rafiki zangu wa Dar na nikajikuta nimeishiwa maneno, jambo ambalo si la kawaida yangu.

Baba alikuwa na maelezo yake. Alisema 2008 Spika alikuwa na watazamaji, 2014 watazamaji walikuwa wamechoka. Mimi naona zaidi ya hapo, naona mtu aliyekuwa bado anautaka urais na anayejua kadi yake inatoka wapi. Lakini baba hakukosea yote. Maana Januari 2016 serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa itaacha kurusha vikao vingi vya Bunge moja kwa moja, kwa sababu ya gharama. Tutapewa kipindi cha usiku, kilichokwisha kuchaguliwa. Mkeka ukakunjwa.

Sitta alifariki Munich, Ujerumani, tarehe 7 Novemba 2016. Mwili ulipita Dodoma, wabunge wakauaga, ukaletwa Urambo kuzikwa. Nilikuwepo, nyuma kabisa, karibu na waliopanda miti. Wakubwa walikuwa wengi, wa pande zote, hata waliokuwa wamemtaka atoe kadi. Mzee mmoja kando yangu alitaka kujua kama ni kweli kwamba Katiba ile ingepita vile alivyoiandika Warioba, sisi tungeweza kumrudisha nyumbani mbunge katikati ya safari. Nikamwambia ndiyo, mzee wangu, ilikuwa imeandikwa.

"Na nani aliyeifuta?"

Msafara wa magari ulikuwa unaingia, vumbi jekundu limetanda, na askari wakaanza kutusogeza tupishe njia.