Chavua Juu ya Paa

Katika karne ya kumi na tisa, tabibu mmoja wa Manchester, Charles Blackley, alisumbuliwa kila kiangazi na chafya na macho kuwasha. Akaufanya mwili wake kuwa maabara. Alipaka vipande vya kioo kitu cha kunata, akaviweka hewani, kisha akazihesabu kwa hadubini chembe zilizonasa. Vingine alivirusha kwa tiara, akakuta huko juu chembe ni nyingi zaidi. Kitabu chake cha mwaka 1873 kilionyesha kuwa mkosaji ni chavua, hasa ya nyasi.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa na chombo alichokibuni J. M. Hirst mwaka 1952. Huwekwa juu ya paa, kikavuta lita 10 za hewa kwa dakika na kuielekeza kwenye utepe unaonata, usogeao milimita 2 kwa saa. Utepe wa siku moja una milimita 48. Msomaji wake hujua hata saa ambayo chembe iliingia. Hapa Uingereza, chavua ya nyasi ikifika chembe 50 katika mita moja ya ujazo ya hewa, kiwango huhesabiwa kuwa cha juu.

Hata hivyo, utepe una mipaka yake. Chembe ya mti wa betula hutambulikana kwa vitundu vyake vitatu. Ya nyasi ina kitundu kimoja, na nyasi karibu zote hufanana. Mhesabuji huandika "nyasi" tu. Hawezi kusema ni zipi, wala kama zilichanua uwanjani jirani au malishoni nje ya mji. Paa huusemea mji mzima. Mtaa hauna msemaji.

Nami ni mkaazi wa mji huo. Miaka minne ya mwanzo nilipita salama. Wa tano, Juni ilinilaza. Mama, kwa simu kutoka Unguja, alisema ni baridi ya Ulaya, akaniusia tangawizi. Lakini mzio haumpati mtu siku ya kwanza. Mwili hukutana na chavua ngeni msimu baada ya msimu, ukajifunza kuipinga, ndipo maradhi yakadhihiri. Ndiyo maana wengi wetu ughaibuni hufika wazima, wakaugua baada ya kuwa wenyeji.

Idadi itangazwayo asubuhi hunisaidia kuamua kama nifunge madirisha. Chanzo nilikitafuta kwa miguu. Kando ya reli, nyuma ya nyumba zetu, nyasi huachwa hadi zikachanua, na huko nimejifunza kuzitofautisha Dactylis, Lolium na Phleum kwa mashuke yake. Pasipoti haikunidai elimu hiyo. Pua ndiyo iliyonidai, na tangu niilipe nimeanza kuijua ardhi ninayoikanyaga.