Mkanda Hukaa kwenye Mfupa

Kabla ya Februari 2004, matatu ya Nissan ilijaza watu mpaka mlango ukakataa kufungika, na makanga akaning'inia nje. Kisha Waziri wa Uchukuzi wa Kenya, John Michuki, akaleta kanuni zake: abiria 14 tu, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni, sare kwa dereva na makanga, na mkanda kwa kila kiti. Siku za kwanza matatu nyingi hazikuonekana barabarani kwa kuwa hazikuwa zimetimiza masharti. Watu wa Nairobi wakaenda kazini kwa miguu.

Mjomba alikuwa fundi wa viti vya magari karibu na Barabara ya Kirinyaga, na Januari ile hakupata usingizi. Wenye magari walitaka mikanda itiwe upesi, kwa bei ya chini, wapite ukaguzi, basi. Yeye alibishana nao juu ya bolti. Bolti iliyokazwa kwenye bati tupu, aliwaambia, siku ya ajali itang'oka na bati lake. Kwa hiyo aliweka kwanza kipande cha chuma kinene chini ya sakafu, ndipo akakaza. Kuna waliochoka kumngoja wakaenda kwa fundi mwingine. Naona fahari hadi leo nikiukumbuka ubishi ule.

Sisi abiria tulifunga kwa kuogopa polisi, maana asiyefunga alishikwa akapelekwa kortini. Mikanda ilikuwa michafu, na kina mama wa ofisini walitandika leso mapajani kwanza. Wengi waliuacha ulegee juu ya tumbo, alimradi askari auone. Hakuna aliyetuambia ukae wapi.

Dada yangu alikuwa mjamzito wakati huo, na wenzake walimwonya kwamba mkanda utamkaba mtoto. Mjomba aliposikia, alimketisha kwenye Peugeot 504 yake.

"Mama, bonyeza hapa," akamwambia, akimwonyesha mifupa ya nyonga. "Hapa ndipo pake. Chini ya tumbo, juu ya mapaja. Mfupa unahimili, tumbo halihimili."

Akamvua koti zito, kwa sababu unene wake huacha nafasi inayomruhusu mtu kurushwa mbele kabla mkanda haujamshika. Akaunyoosha pale ulipojipinda, akavuta mpaka ulegevu ukaisha. Kipande cha juu akakipitisha katikati ya matiti, kando ya tumbo, hadi kwenye mtulinga. Dada ni mfupi. Ukamkata shingoni, akataka kuupitisha chini ya kwapa. Mjomba akakataa katakata. Ukiwa kwapani, kishindo chote huangukia mbavu, na nyuma ya mbavu kuna ini na wengu. Akainua mgongo wa kiti, akakisogeza mbele na nyuma mpaka mkanda ukaachana na shingo. Magari ya siku hizi mengi yana kidude kwenye nguzo ya mlango cha kushushia ncha ya juu; lile halikuwa nacho.

Ukali wa kanuni ulipoa baadaye, na mikanda mingi ikasukumwa chini ya viti. Dada hajabadilika. Akipanda matatu ya Thika humwomba makanga autoe mkanda, huuvuta kwa nguvu kuona kama bolti imeshika, ndipo akalipa nauli.