Siku Niliyobaki Nje ya Msitu

Kwa miaka miwili niliweka akiba kwa ajili ya safari moja: kwenda kuwaona gorila wa milimani katika msitu wa Bwindi, kusini magharibi mwa Uganda. Sisi wa Afrika Mashariki hulipia kibali bei nafuu kuliko wageni wa mbali, lakini kwa mwalimu wa shule ya msingi hizo bado ni fedha nyingi. Tulikuwa watano kutoka usharika wetu, Bukoba. Tulivuka mpaka pale Mutukula, tukapita Masaka na Mbarara, na siku ya pili jioni tukafika Buhoma, kijiji kilicho ukingoni mwa msitu. Njiani tulinyeshewa mvua. Usiku nikaanza kukohoa.

Asubuhi niliongoza sala. Nilimshukuru Mungu kwa uumbaji wake, tena kwa maneno mengi. Kisha nikanywa chai ya tangawizi, nikaweka pipi ya kifua mdomoni, nikajiambia kwamba barakoa itanificha.

Kabla ya kuingia msituni, askari wa hifadhi, dada mmoja mpole, alitueleza masharti. Kundi halizidi wageni wanane. Mtakaa na gorila saa moja tu. Msiwasogelee. Halafu akauliza, "Kuna mwenye mafua, kikohozi au homa?"

Nilitazama chini. Mwenzangu aliyelala chumba kimoja nami akanibana mkono. "Nyamaza, mwalimu. Umetoka mbali."

Dada yule hakutuharakisha. Alisimulia kwamba mwaka 1996 gorila wa Bwindi walipatwa na upele, na mtoto wao mmoja akafa. Daktari wa wanyamapori, Gladys Kalema-Zikusoka, aliwatibu waliobaki. Inaaminika ugonjwa ulitoka kwa watu, kupitia nguo kuukuu zilizovishwa sanamu za kutishia wanyama mashambani. "Gorila hupata magonjwa yetu," alisema. "Mafua yanayokulaza wewe siku tatu yanaweza kumuua mtoto wao. Na duniani kote gorila hawa wa milimani ni elfu moja na kidogo tu."

Nikainua mkono.

Wenzangu walipanda mlima. Mimi nilibaki kwenye benchi, na niseme ukweli: sikujiona mtakatifu. Nilijiona mjinga.

Mchana alikuja kuketi karibu nami mzee mmoja wa kabila la Watwa. Kihaya changu na Kikiga chake ni lugha ndugu, tukaelewana. Aliuliza kwa nini sikwenda na wenzangu. Nilipomweleza alicheka, kisha akaelekeza fimbo yake msituni. Alizaliwa mle. Watu wake waliishi kwa kuwinda na kurina asali, mpaka mwaka 1991 Bwindi ilipofanywa hifadhi ya taifa. Wakatolewa, wengi wao bila fidia wala kipande cha shamba.

"Mwanangu, wewe umezuiwa siku moja," alisema, "tena kwa sababu ya kikohozi. Sisi hatukuwa na kikohozi."

Sikuwa na la kumjibu. Tulikaa kimya, tukiutazama ukungu ukipanda juu ya miti.

Tangu siku hiyo naisoma Mwanzo 2:15 kwa namna nyingine. Mungu alimkabidhi mwanadamu bustani aifanyie kazi na kuilinda. Nilizoea kudhani kulinda ni jambo tamu. Sasa najua kuna gharama, na imenipasa kuuliza nani anayeilipa. Mimi niliulizwa kwanza, nikatoa siku moja. Mzee yule hakuulizwa, akatoa nyumbani kwake. Nami asubuhi ile, katika sala yangu ndefu ya uumbaji, niliwataja milima, miti na wanyama. Watu wa msitu sikuwataja hata kwa neno moja, nao wameumbwa kwa mfano wa Mungu.

Jioni wenzangu walirudi wakiwa na matope hadi magotini, wakanionyesha picha za dume kubwa mwenye mgongo wa fedha. Nilifurahi pamoja nao, na wivu nao ulikuwapo.

Hadi leo sijamwona gorila. Jumapili tuliyorudi nilipewa nafasi ya kuongoza maombi ya kanisa. Niliwaombea gorila wa Bwindi wapate afya, kisha nikawaombea Watwa wapate ardhi. Sala ilikuwa fupi, maana bado nilikuwa nakohoa.