Wiki Yetu ya Paje

Sisi ni mke na mume, watoto hatuna, na tumeridhika hivyo. Tuliletewa biashara ya kununua wiki moja kila mwaka katika nyumba ya ufukweni Paje, kwa miaka 20. Muuzaji akasema, "Mtawarithisha wanenu." Tukatazamana, tukacheka.

Nyumbani tukausoma mkataba kwa utuo. Kulipa kidogokidogo kuna riba, hilo tukalikataa mara moja. Lakini ada ya matunzo, hata msipokwenda! Na tukifa? Kwa wasio na mtoto, mume hurithi nusu, mke robo, kinachobaki ni cha jamaa wengine. Tusije tukawaachia mawifi na mashemeji ugomvi wa ada.

Tukadai kifungu cha kujitoa. Kimeandikwa. Tumelipa taslimu, pesa za mishono ya Idi.