Ruiri, Kwenye Shamba la Babu na Nyanya

Ukitaka kwenda Ruiri kutoka Nairobi una njia mbili. Moja hupitia Embu na Chuka, yenye kona nyingi na mabonde ya mito itokayo mlimani. Nyingine huzunguka kwa Nanyuki na Timau. Ukifika mjini Meru utapanda matatu nyingine ikupeleke upande wa kaskazini, sehemu za Buuri. Usitarajie maajabu ya kupigwa picha. Ruiri ni mahali pa wakulima: maduka kando ya barabara, soko, makanisa, na mashamba ya mahindi na maharagwe.

Lakini jaribu kusimama mahali palipoinuka asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajafunga. Upande mmja utauona Mlima Kenya, ambao Wameru huuita Kirimara. Mashariki kuna milima ya Nyambene, na kaskazini nchi inateremka hadi kwenye tambarare kavu za Isiolo. Hapo uko kati ya baridi na joto, kati ya mvua na ukame. Babu na nyanya yangu walilijua jambo hilo vyema, na ndiyo maana shamba lao halikutegemea zao moja.

(Ndugu zetu wa Tanzania hutucheka kwa kumwita bibi "nyanya", kana kwamba ni ya kutiwa kwenye mchuzi. Na watucheke tu.)

Kule Ulaya likizo ndefu huja na jua. Yetu ya Agosti ilikuja na baridi ya kung'ata masikio, na bado tuliingoja kama sikukuu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu umpe jembe. Kwa mjukuu kutoka Nairobi, hata hizo mbili hazikungojwa. Ungalifika jioni, ukala, ukalala, na alfajiri ungalimsikia babu akikohoa mlangoni, jembe la pili mkononi.

Babu alikuwa na viazi vikuu. Kwa Wameru wa zamani hilo lilikuwa zao la wanaume, nalo hutambaa juu ya mti ulio hai. Hakung'oa mmea wote. Alifukua pembeni kwa uangalifu, akakata sehemu ya kiazi, kisha akarudishia udongo kama anayemfunika mtoto blanketi. Kiazi hicho kiliokwa jivuni hadi ganda likawa jeusi, nasi tukakila moto moto kwa chai, vidole vikiungua.

Sehemu iliyobaki ilikuwa milki ya nyanya. Kulikuwa na kunde, mtama, malenge, mbaazi na migomba, na juu ya ua wote ilitambaa njahi, ile maharagwe nyeusi yenye mstari mweupe ambayo kwa Kiswahili sanifu huitwa fiwi. Nyanya aliipika kwa muda mrefu, akaiponda pamoja na ndizi mbichi, ukapatikana mukimo mzito wa kusimamisha mwiko. Terere na managu hakuzipanda kabisa. Ziliota zenyewe kati ya mahindi, na aliyezing'oa akidhani ni magugu alipata somo lake papo hapo. Mjini leo mboga hizo hizo hufungwa kwa kamba na kuuzwa kwa bei ambayo ingalimchekesha nyanya hadi machozi.

Kitu alichokilinda kuliko vyote kilikuwa dari ya jikoni. Huko moshini yalining'inia magunzi ya mahindi aliyoyachagua mwenyewe, na kando yake vibuyu vya mbegu zilizochanganywa na jivu ili wadudu wasizile. Mvua ikikaribia, majirani walikuja mmoja mmoja. Huyu aliondoka na konzi ya njahi, yule aliacha kunde za aina nyingine. Hakuna aliyelipa senti.

Huenda hujui, msomaji, kwamba desturi hiyo ilikuja kuingizwa katika mambo ya jinai. Mabadiliko ya mwaka 2012 katika sheria ya mbegu yalimweka mkulima aliyeuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa katika hatari ya faini ya hadi shilingi milioni 1 au kifungo cha hadi miaka 2. Wakulima wadogo walikwenda kortini mwaka 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu kule Machakos ikavitangaza vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba. Nyanya aliaga dunia bila kujua kuwa kibuyu chake kilikuwa na kesi.

Babu alitangulia, naye akamfuata. Shamba likagawanywa, kama mashamba mengi yanavyogawanywa, na kila aliyepata kipande chake akapanda kilicho na soko. Siwalaumu, maana karo hailipwi kwa mukimo. La kusikitisha ni kwamba ule mti uliobeba viazi vikuu ulikatwa kuni, na hakuna hata mmoja wetu wajukuu aliyejua kwamba ni lazima kichwa cha kiazi kibaki ardhini ili kiote tena. Tulijua kula tu.

Mwaka 2021 UNESCO iliutambua mradi wa Kenya wa kuhifadhi vyakula vya asili, uliokusanya majina ya takriban mimea 850 inayoliwa. Ni kazi njema. Lakini daftari haliwezi kukuonyesha ni umbali gani wa jembe kutoka kwenye shina.

Basi ukifunga safari ya kwenda kwa wazee wako Agosti hii, iwe Ruiri, Kakamega au Taita, chukua sweta, na katika mfuko wa zawadi za sukari na majani chai tia mkebe mmoja mtupu wenye kifuniko. Waombe mbegu. Waulize kila moja inaitwaje, hupandwa mvua ipi, na hutambaa juu ya mti gani. Mimi konzi yangu ya njahi nilipewa na shangazi, kutoka kibuyu cha mwisho kilichosalia. Zilikuwa mbegu 31. Zilizoota ni 19.