Mnada wa Mbali, Amana ya Karibu

Jioni tuliketi bustani ya Mama Ngina, tukaiona meli ya magari ikiingia mlango wa Kilindini, imesimama wima mfano wa ghorofa inayoelea. Mama akainua mikono kuomba dua. Humo limo gari letu, tulilolinunua kwa mnada wa mtandaoni huko Japani bila kuligusa, kwa fedha za mahamri aliyoyauza miaka 6.

Masheikh wetu hutufunza kuwa mnada ni halali. Kilichokatazwa ni najshi, yaani kupandisha bei bila nia ya kununua, na kuficha ila ya bidhaa. Ndiyo maana tulidai karatasi ya ukaguzi ya mnadani kabla ya kulipa. Gari la kwanza, tulilosifiwa mno, lilikuwa na alama ya R: liligongwa, likatengenezwa. Tukaliacha. La pili lilipata alama ya 4, na umri wake haukuzidi miaka 8 ambayo sheria ya Kenya huruhusu.

Meli ikakipita kivuko cha Likoni, kukaadhiniwa Magharibi. Enyi jamaa, iombeni karatasi hiyo mapema. Fedha ikishavuka bahari, kuirejesha ni taabu.